Gari Limepiga Shimo: Soma Dalili Kwanza, Ndipo Upige Simu Bima

Shimo lililojaa maji ya mvua halina tofauti na dimbwi la kawaida mpaka tairi la mbele lizame. Unasikia "gaap!", usukani unaruka mkononi, halafu gari linaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunamshukuru Mungu, tunaongeza sauti ya redio. Kesho kutwa unaanza mlio. Wiki ya pili tunafika bima na kuulizwa swali linalotumaliza: hiyo ajali ilitokea lini, na nani ana habari nayo?

Haya ni kwa dereva wa Tanzania mwenye gari dogo la kawaida, IST, Vitz, Premio na ndugu zao. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu dalili ndiyo inayoamua nani atalipa: bima, mfuko wako, au, mara chache sana, yule aliyeacha shimo. Lowa am (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini) ileile inaweza kulipwa au kukataliwa, ikitegemea uliigundua lini na fundi aliiandika vipi.

Pale pale barabarani

Washa hazadi, sogea pembeni, weka pembetatu. Chungulia chini ya gari kwa tochi ya simu: kuna kitu kinadondoka? Zunguka matairi yote manne, na usisahau ubavu wa ndani ambao hauonekani ukisimama. Kisha piga picha. Shimo lenyewe, uweke kiatu au chupa ya maji kando yake ili ukubwa uonekane. Eneo, pawe na kitu kisichohama: kibao cha kituo cha daladala, nguzo ya umeme, duka. Rimu na tairi lililoumia kwa karibu, kisha picha nyingine ya mbali kidogo inayobeba na namba ya gari. Mwisho dashibodi, taa zilizowaka na kilomita zionekane.

Picha hizo zitume hapohapo kwa wakala wako wa bima kwa WhatsApp, na maneno mawili matatu: nimepiga shimo mahali fulani, saa fulani. Hata asipojibu hadi asubuhi, tarehe na saa vimeshaandikwa. Taarifa rasmi kwa kampuni na kwa trafiki zifuate mapema, maana kampuni nyingi hazifungui faili la dai bila ripoti ya polisi. Watu huona aibu kwenda kituoni kuripoti shimo. Nenda. Kwa bima hiyo ni ajali ya gari moja, sawa na kugonga nguzo.

Tairi limevimba ubavu, au linapoteza upepo taratibu

Ukingo wa shimo ukilikaba tairi dhidi ya rimu, nyuzi za ndani ya ubavu hukatika ingawa mpira wa nje uko mzima. Upepo unaingia pale zilipokatika na tairi linatoa jipu. Tairi la hivyo halizibwi. Fundi pancha atakayekuambia "hili linakwenda tu, bosi" si yeye atakayekuwa Chalinze na familia likipasuka. Lisilo na uvimbe lakini linashuka kila baada ya siku mbili, mwambie alizamishe kwenye maji pamoja na rimu: mara nyingi mapovu yanatoka pale rimu ilipopinda na kuacha kulishika tairi sawasawa.

Nani analipa? Hapa wenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako, wengi hushtuka. Mikataba mingi ya bima ya magari ina kifungu kinachosema uharibifu wa matairi haulipwi isipokuwa sehemu nyingine ya gari imeharibika katika tukio hilohilo. Yaani tairi peke yake ni lako. Tairi pamoja na rimu iliyopinda au lowa am, unaweza kudai. Ndiyo maana nasema usikimbilie kubadili tairi na kuondoka. Gari lipandishwe juu kwanza, liangaliwe kama shimo limegusa kingine.

Mkaguzi wa bima atasoma pia umri wa tairi. Ubavuni pana namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama lako lilishakuwa kipara, usitegemee alipe tairi jipya kwa bei ya jipya.

Usukani unatetemeka ukifika 80

Ukiwa mjini kwenye foleni hausikii kitu, ukishika barabara ya Bagamoyo mikono inaanza kucheza. Kwanza balansi, yaani uzito wa gurudumu kuwa sawa pande zote, kwa sababu kile kipande kidogo cha risasi kilichobandikwa kwenye rimu kinaweza kuruka. Ni kazi ya bei ndogo, lipa mwenyewe. Mtetemo ukibaki baada ya balansi, shuku rimu iliyopinda. Ya chuma hunyooka kwa nyundo. Ya aloi huweza kunyooshwa kwa mashine, lakini ikiwa na ufa usikubali ichomelewe, hasa ya mbele.

Gari linavuta upande mmoja

Ukiachia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka, gari linakwenda kushoto. Au usukani umekaa mshazari ilhali gari linakwenda mbele. Fundi wa haraka atasema "alaimenti", yaani mpangilio wa matairi, na kweli alaimenti imeondoka. Lakini alaimenti haiondoki yenyewe. Muulize kilichoisogeza: tairodi endi (kiungo cha usukani na gurudumu) imepinda? Lowa am? Shokapu imekunjika? Ukipima alaimenti juu ya lowa am iliyopinda unalipia marekebisho yatakayopotea kabla wiki haijaisha, na mkaguzi akija anakuta vipimo vimeshasawazishwa, ushahidi umefutwa kwa pesa yako mwenyewe.

Gereji yenye mashine ya kompyuta inatoa karatasi ya vipimo, kabla na baada. Chukua ile ya kabla. Karatasi hiyo inaonyesha gurudumu la mbele kushoto limetoka kiasi gani nje ya kiwango huku mengine matatu yako sawa, na ni nadra uchakavu uchague gurudumu moja tu kwa kiasi hicho.

Mlio wa "kok, kok" ukipita matuta

Pita kwenye barabara ya vumbi yenye vimawe, mwendo wa kutembea. Kama unagonga mfululizo kwenye vijishimo vidogo, anza na stabilaiza linki, kijiti kinachosaidia gari lisilalie upande. Ni kitu kidogo na bei yake haina haja ya bima. Kama unasikika ukikata kona huku ukiongeza mafuta, tena wa "tak-tak-tak" wa haraka, shuku si-vi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele, na uangalie kama mfuko wake wa mpira umechanika. Kama ni kishindo kimoja kizito wakati wa kushuka tuta, ni boljointi (kiungo cha mviringo cha lowa am) au shokapu. Shokapu iliyovuja ina mafuta yaliyokamata vumbi. Lakini angalia rangi yake. Mafuta mabichi yanang'aa. Yale meusi yaliyoganda kama ugali wa jana yamekuwepo miezi, na mkaguzi anajua kusoma hilo kuliko wewe.

Bushi (mipira ya kwenye viungo) na boljointi ndizo zenye ugomvi mkubwa kuliko vyote, kwa sababu huisha zenyewe hata bila shimo. Bima hailipi uchakavu. Nitalirudia chini.

Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka

Kama ndege inayopaa mbali. Ukiyumbisha gari kidogo kulia, mvumo unaongezeka, kushoto, unapungua. Hiyo ni beringi ya gurudumu, na ubaya wake ni kwamba hujitokeza wiki moja au mbili baada ya kipigo, ukishasahau. Kama ulituma picha siku ileile, dai lako lina mizizi. Kama hukutuma, una maneno matupu. Muombe fundi aandike kwamba beringi iliyokufa ni ya gurudumu lilelile lenye rimu iliyopigwa.

Taa ya oili imewaka

Hapa acha kusoma, zima injini. Magari yetu haya yako chini, na sampo, bakuli la oili chini ya injini, hupasuka kwa ukingo wa shimo au kwa jiwe lililokuwa ndani yake. Sampo iliyopasuka inatengenezeka, na kwa bima kubwa ni dai safi. Injini iliyoendeshwa kilomita tatu bila oili ni habari nyingine: kampuni italipa sampo na kukataa injini, kwa hoja kwamba uliona taa ukaendelea, na mkataba unakutaka ulilinde gari lisiharibike zaidi. Kwa hoja hiyo wana haki. Ita gari la kuvuta, tunza risiti. Mikataba mingi ya bima kubwa inarudisha gharama ya kuvuta hadi kiwango fulani.

Taa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) peke yake kwa kawaida si msiba. Mara nyingi ni waya wa sensa pale kwenye habu, kitovu cha gurudumu, umekatika.

Sasa hesabu: udai au ulipe?

Kama una bima ndogo, sehemu hii ni fupi. Bima ndogo inalipa wengine uliowaumiza. Gari lako halimo. Ila kumbuka upande wake wa pili: ukikwepa shimo ukamgonga wa bajaji, yeye analipwa na hiyohiyo bima ndogo. Usimlipe mfukoni barabarani kwa woga, na usiandike kukiri kosa, ripoti.

Kwa bima kubwa, toa mkataba wenyewe, siyo stika, usome mistari miwili: ekses na punguzo la kutokudai. Ekses ni sehemu ya kila dai unayobeba wewe. Punguzo la kutokudai ni kiasi unachopunguziwa kwenye ada ya mwaka ujao usipodai. Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi 12,000,000 na ada yake ya bima ni asilimia 3.5, yaani 420,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 ni 495,600. Tuseme mkataba unasema ekses ni asilimia 10 ya dai, isipungue 250,000. Fundi amekutajia 380,000 kwa rimu, tairi na lowa am. Asilimia 10 ni 38,000, lakini kiwango cha chini kinashika, unabeba 250,000. Kampuni inakupa 130,000. Mwaka ujao unapoteza punguzo la kutokudai. Likiwa asilimia 20 ya ile 420,000, ni 84,000, na VAT yake inafika 99,120. Umehangaika kituo cha polisi, gereji na ofisi ya bima kwa faida ya shilingi 30,880. Nauli ya bodaboda hatujatoa.

Badilisha tarakimu kwa za mkataba wako. Mimi najiwekea mpaka: gharama ikiwa chini ya mara mbili ya ekses, nalipa mwenyewe. Hata hivyo ripoti natoa, kwa sababu mlio wa beringi unaweza kuja baadaye na kugeuza hesabu yote.

Kampuni imejibu "huu ni uchakavu"

Hili ndilo jibu la kwanza kwa karibu kila dai la shimo, na wakati mwingine ni kweli. Usibishane kwa sauti. Omba sababu kwa maandishi, na nakala ya ripoti ya mkaguzi. Kisha pambana na sehemu moja moja: bushi waachie, wewe shikilia lowa am iliyopinda na rimu. Chuma hakipindi kwa uzee. Kubali kidogo ili upate kikubwa.

Spea za zamani ni mali yako mpaka dai liishe. Hili nilijifunza kwa hasara. Nilipiga shimo maeneo ya Tabata, usiku wa masika, nikapeleka gari gereji ya mtaani asubuhi kwa sababu nilikuwa na msiba Morogoro. Fundi akabadili lowa am na tairodi, kazi nzuri, risiti safi. Niliporudi na kufungua dai, mkaguzi aliniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, mimi nikague nini sasa?" Nikarudi gereji mbio. Lowa am yangu ilikuwa imeshauzwa kwa vijana wa skrepa, kwa kilo. Dai likafa hapo, na siwezi kusema kampuni ilinionea.

Kwa hiyo usitengeneze kabla ya ukaguzi. Kama huwezi kusubiri, omba ruhusa kwa maandishi, piga picha kila hatua, na beba vyuma vyako kwenye gunia.

Wamekubali, lakini kiasi ni kidogo

Kuna makato ya aina mbili, na watu huyachanganya. La kwanza ni mchango wako kwa spea mpya: shokapu ya miaka sita imebadilishwa na mpya, gari limekuwa bora kuliko lilivyokuwa, nawe unachangia tofauti. Unaweza kulipunguza kwa kukubali spea yuzdi ya Japani iliyo nzima, ambazo kule Gerezani, Kariakoo, zimejaa. Mwombe mkaguzi akubali hilo kwenye makadirio, usinunue kwanza.

La pili linauma zaidi. Kama ulitangaza thamani ya gari 8,000,000 ili upunguziwe ada, na bei yake sokoni ni 12,000,000, kampuni inaweza kusema umekata bima ya theluthi mbili na kukulipa theluthi mbili ya dai. Wakala aliyekushauri "tuiweke chini kidogo, kaka" hatakuwepo siku hiyo.

Sababu nyingine za kukataliwa hazina utetezi: leseni imekwisha muda, dereva alikuwa amelewa, au gari la bima binafsi linafanya teksi ya mtandao. Na kabla ya yote hakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari, kwamba bima uliyouziwa ipo na bado hai.

Kimya

Wiki zinapita, simu haipokelewi. Andika barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukikosa jibu, au jibu likiwa la kukuzungusha, kuna milango miwili: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama sisi ambao hatuna wakili. Wote wawili watakuuliza kama ulianza kwa kampuni. Ndiyo kazi ya ule muhuri.

"Si tunalipa tozo ya mafuta? Serikali inilipe!"

Hasira naielewa. Kwanza jua barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya na mitaa ziko TARURA, iliyoanza kazi 2017. Kuripoti shimo kwao kuna maana, na barua yako inabaki kumbukumbu kwamba walijulishwa. Kudai fidia mahakamani ni mlima. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90, na baada ya marekebisho ya mwaka 2020 taasisi kama hizi zinaingia humo pia, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa lowa am ya laki mbili? Kama gari limepinduka na mtu kuumia, tafuta wakili. Vinginevyo usipoteze mwaka.

Ni tofauti kama "shimo" lilikuwa mtaro wa mkandarasi, umechimbwa mchana na kuachwa usiku bila utepe wala taa. Huyo ni kampuni binafsi, unaweza kumdai moja kwa moja, na mikataba mingi ya ujenzi humlazimu awe na bima ya madhara kwa watu wengine. Tafuta kile kibao kikubwa cha mradi kinachotaja mkandarasi na mhandisi msimamizi, ukipige picha, kisha piga picha ya mtaro wenyewe bila alama. Fanya hivyo usiku uleule, maana ukirudi asubuhi utakuta koni za rangi ya chungwa zimepangwa vizuri kama zilikuwepo tangu Uhuru.

Kabla ya kusaini kupokea gari

Gereji ya bima ikimaliza utapewa karatasi ya kukiri kwamba kazi imekuridhisha na huna dai jingine kuhusu ajali hiyo. Usiisaini ukiwa kwenye kiti cha ofisini. Chukua gari na fundi akiwa pembeni yako, funga vioo, zima redio na feni. Pita kwenye vumbi taratibu usikilize kugonga, kisha tafuta barabara iliyonyooka ufike 80 usikilize mvumo, na uachie usukani kwa sekunde moja uone linakoelekea. Ukisikia chochote, kiandike kwenye karatasi ileile kwa mkono wako, na fundi naye asaini.